Baiskeli Niliyopewa kwa Ajili ya Mjomba Wako

Kasongo, Alhamisi baada ya alasiri

Mwanangu Feruzi,

Asubuhi umekwenda Nyangwe kuaga shangazi zako, na najua utachelewa, maana kwa wale hakuna anayeachiwa kuondoka kabla hajala mara mbili. Nimeona ndiyo nafasi yangu. Nimefunga kibanda changu cha kushonea mapema, nimerudi nyumbani na cherehani. Yule mteja wa suruali ya kaki nimemwambia arudi Jumamosi, amenuna, nami nimemwacha anune.

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za dawa ya kinini, za swala na za kutokula kwa watu usiowajua. Ameyasema mara tatu na mimi sina la kuongeza. Karatasi ya serikali ya kukuruhusu kuhama teritware, yaani wilaya yetu, iko katika mfuko wa ndani wa koti, nimeushona mwenyewe, hautachanika. Baada ya hapo maagizo yamekwisha. Barua hii nitaiweka kati ya mashati yako, uikute ukiwa ndani ya gari la moshi, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu na mimi siwezi kukukwepa.

Nakuandikia kwa sababu ya viatu.

Unakumbuka jioni ile uliporudi uwanjani umevishika mkononi, viatu vya mpira vya ngozi, vyenye njumu chini, bado vinanuka duka. Yule klaki, karani wa reli, aliyetoka Elisabethville kutafuta wachezaji ndiye aliyekupa. Nikakuuliza bei. Ukanijibu, "Hapana ya kununua, baba. Amenipa tu. Anasema nikifika kule nimuandikie Masudi, naye akuje." Ukacheka kwa kumfikiria rafiki yako. Ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu umecheza peku tangu ulipojua kusimama. Mimi nikasema nina kazi nyingi, nikainama juu ya cherehani, nikashona mfuko wa shati la watu nyuma mgongoni. Usiku huo mama yako aliniuliza kama naumwa.

Kwamba nilicheza mpira unajua. Kasongo nzima inajua, na asiyejua nimemwambia mimi mwenyewe. Kwamba mjomba wako, yule ambaye jina lake unalo, alikufa ndani ya shimo la dhahabu upande wa Salamabila, hilo pia unalijua, na kwamba mimi ndiye niliyeleta habari nyumbani kwa baiskeli. Umeyasikia tangu mdogo. Ambalo hujasikia ni jinsi yanavyoungana, na hujasikia kwa sababu mtu pekee anayelijua ni mimi.

Tulikuwa tukicheza nyuma ya soko, siku za Ijumaa baada ya swala, kanzu zimerundikwa pembeni. Mimi nilikimbia upande wa kushoto. Wakati ule nilikuwa mwembamba, usicheke. Feruzi mjomba wako alikaa golini. Kabla ya mchezo kuanza alikuwa akivua kofia yake na kuitundika juu ya nguzo ya goli, na mchezo mzima alikuwa akizungumza na mpira kwa sauti, akiubembeleza, akiukemea, na sisi tukicheka hata tukifungwa. Mikono yake ilikuwa mipana kwa kazi ya shamba. Nimewaona makipa wengi baada yake na sijamwona wa kumfikia, ingawa labda hapo ni majuto yanayosema.

Mzungu mmoja wa kampuni ya dhahabu alikuja kututazama. Watu wa mgodini walimwita Bwana Filimbi, kwa sababu hata alipokuwa anakula filimbi ilining'inia shingoni. Alipenda mpira kupita kazi yake. Alinitaka mimi, nami nikaenda mgodini kwao Kabambare, upande huo wa Salamabila, nikatia alama katika kitabu cha kazi. Katika kitabu niliandikwa mtu wa magazini, yaani wa ghala. Kwa kweli nilikuwa nagawa majembe na taa asubuhi mpaka saa nne, kisha natoka kwenda kufanya mazoezi, wakati wenzangu wenye kitabu kama changu wanashuka shimoni. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa baba yangu. Posho ilikuwa mchele, mawese na samaki wa chumvi, na siku ya mchezo nyama. Nikanenepa. Nikaanza kuwasalimu watu kwa kuinua kidevu.

Lakini kipa wetu alikuwa anaruhusu kila kitu kipite, na Bwana Filimbi alikuwa anaumia kweli, hata usingizi hapati. Siku moja akaniita pale magazini. Akasema, "Ule wa kofia, iko rafiki yako? Mulete. Utapata hii." Akapiga kengele ya baiskeli iliyokuwa imesimama ukutani. Baiskeli mpya, nyeusi. Nilikuwa nimeifuta vumbi kila siku kwa miezi mitatu.

Nilipewa siku za mapumziko, nikaja nayo Kasongo. Niliipata kabla, mwanangu, hiyo uielewe vizuri. Alinipa mbele, kama wewe ulivyopewa viatu mbele. Mtu aliyekwisha kupokea hawezi tena kurudi mikono mitupu.

Nilimkuta Feruzi kwenye mpunga, anafukuza ndege. Baba yake alikuwa amekufa mwaka ule na shamba lote lilikuwa juu yake. Alifurahi kuniona, akaizunguka baiskeli, akaikagua. Nikamwambia nimeinunua kwa mshahara. Kisha nikamwambia habari za timu.

"Weye unapenda, weye enda," alisema. "Mimi niko na mama. Niko na hii mupunga. Na ule mudogo wangu hajaolewa."

"Kule iko posho. Iko nyama."

"Na shimo? Watu wanasema shimo inakulaka watu."

"Wachezaji hawashukake mu shimo," nikamwambia. "Hata siku moja."

"Nani anasema?"

"Bwana mwenyewe."

Bwana hakusema. Sikuwahi kuzungumza naye habari za shimo. Nililitunga pale pale, nimesimama juu ya tuta, na ulimi haukunikwama hata kidogo. Nadhani nililiamini nilipokuwa nalisema. Mtu akiisha kutaka kitu sana anakuwa mwongo hodari.

Jioni tukaenda kwa bibi yako, mama yake Feruzi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache tangu zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Unamuchukua mutoto yangu. Utamurudisha?" Nikasema, "Nitamurudisha, mama." Feruzi alikuwa bado hajakubali. Alikaa anachora chini kwa kijiti. Basi dada yake, aliyekuwa anapepeta mchele pale kando, msichana wa miaka kama kumi na tano, akainua kichwa akasema, "Kaka, enda. Mimi nitabakia na mama." Feruzi akacheka, akasema kama ni hivyo basi ataenda.

Dada huyo ndiye mama yako. Lishike hilo, nitalirudia.

Tulicheza pamoja miezi minne. Siwezi kukudanganya kwamba ilikuwa mibaya. Tulishinda kambi zote za jirani, watu wa Lusangi walikuja kwa miguu kututazama, na kofia ile juu ya nguzo ikawa maarufu hata watoto wa kambi wakaiga. Kisha Bwana Filimbi akapata konji, yaani likizo, akaenda Ulaya. Alituaga mmoja mmoja, alikuwa na machozi, akasema atarudi baada ya miezi sita na tusiache mazoezi. Hakurudi. Sikuwahi kujua kwa nini. Sidhani kwamba alitudanganya.

Aliyekuja mahali pake watu walimwita Bwana Saa. Alikuwa na watu wake aliotoka nao mgodi mwingine, akawaweka katika nafasi zetu, wengine wao hata mpira hawakujua. Sisi akatuita biroo, yaani ofisini kwake, wawili wawili na vitabu vyetu, aone tunafaa kwa kazi gani. Mimi na Feruzi tuliingia pamoja.

"Weye unajua kazi gani?"

Nikasema baba yangu ni fundi wa nguo na mimi najua kushona. Akaandika: nishone sare za walinzi.

"Na weye?"

"Mimi nalimaka, Bwana."

Bwana Saa akageuka kwangu. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana hadithi hii ni ngumu kuisimulia. Aliniuliza, "Fundi, unataka mutu wa kukusaidia?"

Feruzi alinitazama.

Nami nikasema, "Hapana, Bwana. Mimi peke yangu ninaweza."

Nimejiuliza miaka yote kwa nini nilisema hivyo. Niliogopa Mzungu atafikiri kwamba sijui kazi. Hilo ni kweli. Niliogopa pia kwamba nikikaa naye chumba kimoja kutwa nzima, siku moja atakuja mtu wa magazini na kuitaja baiskeli. Hilo nalo ni kweli. Na labda nilikuwa nimezoea tu kujibu haraka mbele ya wakubwa. Lilikuwa neno la kusema mara moja na kutoka nje. Bwana Saa akaandika: shimo.

Siku ya kwanza alipotoka huko chini alipitia kwangu, udongo mpaka kwenye nyusi. Akaegemea mlango akasema, "Basi wachezaji wanashukaka." Akacheka. Hakunilaumu. Nikamwambia avumilie kidogo, Bwana Filimbi atarudi. Nikampa maji.

Baada ya majuma matatu mvua zikaanza kwa nguvu, na ukuta wa shimo ukaanguka juu ya watu watatu, Feruzi mmoja wao. Walimtoa alasiri. Sisi tuliokuwa Waislamu pale kambini tulimwosha na kumzika kabla jua halijazama, kaburi lina maji chini. Kesho yake nikapanda baiskeli. Nilitumia siku mbili na nusu kufika Kasongo, mahali pengi nikiibeba mimi begani kwa sababu ya tope, nikianguka, nikilia kwa sauti mahali ambapo hakuna watu.

Bibi yako alipoelewa hakupiga kelele. Alikaa chini. Baadaye, nyumba ilipojaa watu, aliona miguu yangu imechubuka, akaniletea maji ya moto, akaiosha yeye mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Mungu abariki hii baiskeli. Bila yeye tungejua baada ya mwezi." Watu wakaitikia amina. Na siku ya hitima, mwalimu alipowaomba waliohudhuria, kama ilivyo desturi, kila ambaye marehemu alimkosea amsamehe, wote wakasema, "Tumemsamehe." Mimi nilisema pamoja nao. Nilimsamehe Feruzi! Nilikaa pale kwenye mkeka nikamsamehe mtu ambaye kosa lake kwangu ni kunisadiki. Mwalimu hakuuliza kama kuna aliyemkosea marehemu, na desturi haimpi nafasi ya kuuliza. Nilingoja kana kwamba angeuliza. Kisha sahani za wali zikaletwa.

Mgodini sikurudi isipokuwa kuchukua kitabu changu. Baiskeli niliibadilisha kwa Mhindi mmoja kwa cherehani iliyotumika, hii hii ambayo leo imefunikwa hapa mbele yangu. Imekulisha, imekusomesha, imeshona koti unalosafiri nalo. Nakwambia si kwa kutaka uchukie koti. Nataka tu ujue kitu kilipotoka.

Halafu nikamwoa mama yako. Watu husema nilimwoa kwa heshima ya rafiki yangu, na mimi nimeacha waseme, kwa sababu inanipendeza. Nilimpenda, Feruzi mwanangu. Nilimpenda tangu alipokuwa anapepeta mchele, na nampenda sasa kuliko siku ile. Lakini mwezi wa kwanza wa ndoa yetu mvua zilianza, nikamkuta amekaa mlangoni analia. Nikamuuliza. Akasema, "Ni mimi nilimuambia enda. Yeye hakutaka. Ni mimi." Ningeweza kulisema palepale. Nilikuwa na mdomo. Nikamshika bega, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Kila mwaka mvua zikianza hulia. Wewe mwenyewe umeona, ulipokuwa mdogo ulikuwa unamfuta kwa shati lako. Ulipozaliwa akataka upewe jina hilo, nami nikakubali, na nimeita jina hilo kila siku kukutuma maji, kukutuma mkaa, kukugombeza. Miaka yote mama yako anaamini kwamba ndiye aliyemtuma kaka yake kufa. Baiskeli ni aibu. Neno lile la biroo ni dhambi, na Mungu ataniuliza. Lakini kumwacha mama yako abebe mzigo wangu, akijua uzito wake na asijue mwenye mzigo ni nani, hilo ndilo linalonifanya nisijitazame kwenye kioo ninapopima nguo za watu.

Sasa habari yako. Huko uendako watakupenda. Usidhani watakuwa wanaigiza. Atakayekuita mwanangu kwa sababu umefunga goli atakuwa anasema kweli siku hiyo, na siku akipewa konji ataondoka na mapenzi yake mfukoni, na atakayekuja atakuuliza unajua kazi gani. Kwa hiyo hicho cheo walichokuandikia katika magazini ya reli, kijifunze. Klaki atakuambia usijisumbue, wewe ni mchezaji. Sumbuka. Na wachezaji walio ndani ya uwanja usiwaulize kama timu ni nzuri, watakuambia ni nzuri, hata mimi ningekuambia. Mtafute mmoja aliyevunjika mguu mwaka jana. Muulize anakaa wapi na anakula nini.

Viatu, vivae. Ni vizuri na wewe unavitaka. Lakini Masudi usimwandikie mpaka uwe umeona yote hayo kwa macho yako, na ukimwandikia, mwambie umepewa viatu. Mwambie hilo katika mstari wa kwanza. Akiisha kulijua, akija, atakuwa amekuja mwenyewe. Baba yake ananiletea suruali zake kushona, namwona kila juma. Sitaki uje siku moja uoshwe miguu na mama yake.

Na ikitokea, mwanangu, umesimama mbele ya mkubwa na rafiki yako yuko kando yako, ukaulizwa kama unamhitaji, jibu polepole.

Nilikuwa nimefika hapa, mama yako akaingia na mashati yako mikononi. Akaniangalia, akaangalia karatasi. "Unaandika nini murefu hivi? Anaenda Elisabethville, haende Maka." Alikuwa anatania. Alikuwa amechangamka leo kwa nguvu, kama wanawake wanavyofanya mtoto anaposafiri, ili asilie kabla ya wakati. Na mimi nikaona kwamba ninataka kukupa wewe, uende nalo mbali, jambo ambalo ni lake yeye aliyebaki nyumbani. Ningekuwa nimefanya tena kitu kilekile.

Nikamwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia yote, amesimama. Baiskeli, Bwana mwenyewe ambaye hakusema, na neno nililojibu biroo. Nilisema mpaka mwisho.

Aliyaweka mashati juu ya cherehani. Kisha akauliza, "Ulikuwa unanisikiaka, kila mwaka, nikilia?"

"Nilikuwa nakusikiaka."

"Na ulikuwa unanyamaza."

Akakunja mashati yako, lile la mistari, lile jeupe, na lile la kijani ambalo ukosi wake nimeugeuza. Hakuharakisha hata moja. Akayapanga ndani ya mfuko wako wa safari, akaufunga. Akachukua mkeka wake na khanga moja, akatoka kwenda kwa bibi yako. Mlango hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Ukirudi kutoka Nyangwe utaambiwa kwamba mama amekwenda kulala kwa bibi kwa sababu mzee hajisikii vizuri. Mimi ndiye nitakayekuambia, na hilo ni la mwisho nitakalokudanganya. Kesho lori litaondoka kwenda mtoni mapema, na mimi sijui mama yako atasimama wapi kukuaga. Utakapokuwa unasoma hapa utakuwa umekwisha kuona mwenyewe, na sasa unajua kwa nini.

Barua yako ya kwanza mwandikie yeye. Mwambie hakumtuma kaka yake. Mimi nimemwambia, lakini kutoka kwangu leo neno hilo halimfai kitu. Mwambie wewe, na uliandike zaidi ya mara moja, maana amelibeba miaka mingi na hatalitua kwa kusikia mara moja.

Mimi usiniandikie mpaka utakapotaka.

Baba yako,
Ramazani